Waya Usio na Kopa

Siku fundi alipokuja kutufungia intaneti, mimi nilikuwa kazini na Mama Asha alikuwa jikoni anageuza chapati. Fundi akauliza modemu ikae wapi. Akajibiwa, "Popote tu, mwanangu." Kwa fundi, popote ni pale waya unapoishia upesi. Basi waya ukatoka nguzoni, ukapita juu ya mwembe, ukaingilia dirisha la kwanza uliloliona. Dirisha hilo ni la chumba chetu cha kulala.

Hivyo modemu ikahamia juu ya kabati la nguo, katikati ya sanduku la vitenge na feni mbovu. Nyumba yetu hapa Tabata ni ya tofali za saruji, na kutoka kabatini mpaka kwenye televisheni ya sebuleni kuna kuta mbili na friji. Modemu hizi hurusha mawimbi ya aina mbili. Lile la gigahezi 5 lina kasi, lakini likiona ukuta linakata tamaa. Lile la 2.4 linapenya, ila linafika limechoka. Sebuleni kwetu lilikuwa linafika limechoka kabisa, kama abiria wa basi la Mwanza.

Chumba chetu kikageuka kijiwe. Asha akawa anafanyia kazi za shule kwenye mkeka chini ya dirisha. Shemeji yangu anayesoma chuo akipita "kuwasalimia tu", salamu zilichukua saa mbili, kaegemea kabati, anapakua video. Usiku mmoja nimetoka kuoga, taulo kiunoni, nikakuta watu watatu wamejipanga kwenye ukingo wa kitanda changu. Wakasogeza magoti nichukue shati. Hakuna aliyeinua macho kwenye simu.

Yote hayo niliyavumilia. Kilichonishinda ni taarifa kwamba baba mkwe anakuja Ijumaa kutoka Morogoro, na Jumamosi Simba na Yanga wanacheza. Mzee ni Yanga wa kufa. Sasa, shemeji unaweza kumkuta kitandani ukacheka. Baba mkwe hata mlango wa chumba hicho hauchungulii. Ilibidi modemu imfuate yeye sebuleni.

Nikapiga simu kwenye kampuni. Baada ya muziki mrefu wa kinanda nikaambiwa kuhamisha ni huduma ya kulipia, na fundi atakuja ndani ya saa 72. Nikakata. Yaani nilipie mtu kuhamisha kitu kwa hatua kumi? Mimi ambaye ujana wangu wote ndiye niliyekuwa naunga nyaya za antena mtaa mzima, kwa kisu na naironi tepu?

Alhamisi usiku nikaushusha waya. Ulikuwa umepungua kama mita tano, na stoo nina waya wa antena wa zamani. Nikachukua kisu cha mboga, nikaukata ule wa intaneti katikati, nikaumenya kwa ustadi nikitafuta kopa. Sikuiona. Ndani kulikuwa na nyaya mbili ngumu za chuma, moja kila upande, na katikati kijiuzi chembamba kama unywele. Nikakikwanyua nikakitupa, nilidhani ni uzi wa kiwandani. Nyaya mbili zile nikazifunga kwenye waya wa antena, moja katikati, moja pembeni, nikazungushia tepu mpaka pakavimba kama goti la ngamia. Nikapitisha mzigo wote kwenye kona ya mlango, nikagongelea kwa klipu, nikawasha.

Taa yenye herufi LOS ikaanza kupepesa, nyekundu.

"Baba, hiyo maana yake mwanga haufiki," alisema Asha, ambaye alikuwa ameshauliza kwa bando la mama yake.

"Haufiki vipi na taa si hiyo inawaka?"

Mama Asha alikuwa kimya, dalili mbaya. Mei 2024, zile kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, intaneti ilipooza nchi nzima na mimi nilikuwa wa kwanza kulaumu. Naye hakusahau. "Wale baharini walipeleka meli kuunga," alisema. "Wewe umepeleka kisu cha mboga."

Fundi alikuja Jumamosi saa tatu asubuhi, baada ya mimi kukubali kulipa bila kuuliza ni kiasi gani. Kijana mpole. Alipofika kwenye goti la ngamia alisimama, akalipiga picha na simu yake. Akanieleza taratibu, kama anayempa mgonjwa majibu: nyaya zile za chuma kazi yake ni kubeba uzito tu waya usikatike ukining'inia. Intaneti inapita kwenye ule uzi. Ni kioo, na kinachopita humo ni mwanga. Hata ukiukunja sana, alisema akiitazama kona yangu ya mlango, mwanga unavuja.

Nikawaza. Kebo ya EASSy ina urefu wa kilomita 10,000 hivi, kutoka Mtunzini mpaka Port Sudan. Mwanga unatambaa chini ya bahari, unaibukia Dar, unafika Tabata salama, halafu unakuja kufia kwenye antena yangu.

Fundi akatoa kimashine chenye kioo kidogo, akanionyesha. Ncha mbili za unywele zilionekana nene kama magogo, zikasogeleana, ukapiga mwako mmoja wa umeme, zikawa kitu kimoja. Hata alama ya mshono sikuiona. Modemu ikakaa chini ya televisheni, na kijiwaya kifupi kikaingia moja kwa moja nyuma yake.

Saa kumi na moja jioni picha ilikuwa safi, unahesabu nyasi. Baba mkwe kwenye kochi kubwa, mimi pembeni naisubiri sifa yangu. Mzee akaingiza mkono kwenye koti, akatoa redio yake ndogo ya betri, akaiweka sikioni.

Dakika ya ishirini hivi, kwenye televisheni Simba wana mpira katikati ya uwanja, mzee akaruka. "Goliii! Yanga!" Nje jirani mwenye dishi naye anapiga sufuria. Kwetu mchezaji wa Simba bado anafunga kamba za kiatu.

"Baba, mbona bado..."

"Mwanangu," akasema mzee, anakaa taratibu, "hawa wa kwako wakifika, uniamshe."

Kutoka chumbani nikamsikia Mama Asha akiuliza kwa sauti nani amezima intaneti.