Sifa za Kupanga Mikato ya Kibodi

Washairi wa pwani waliusifu mnazi, wakausifu na uta, nasi tukapokea bila kudai risiti. Upo mwanya, basi, wa kusifu kazi ambayo hata wanaoifanya huificha: ya mtu aliyeketi mbele ya kompyuta yenye Linux saa sita usiku, akiamua vitufe vipi vibonyezwe pamoja ili dirisha lihame kutoka kushoto kwenda kulia. Walio nje ya kazi hii huiita upotezaji wa muda. Mimi nasema ni kazi bora kuliko zote zifanywazo kwenye skrini, kwa sababu kila nyingine huisha siku moja ikakuachia aibu ya kutafuta ya pili, ilhali hii hujizaa yenyewe.

Tazama i3, programu ya kupanga madirisha iliyoanzishwa na Michael Stapelberg mwaka 2009. Haina ukurasa wa mipangilio wa kubofyabofya. Amri zote zimo katika faili moja la maandishi, kila mkato na mstari wake. Siku ya kwanza hukuuliza swali moja la upole: kitufe kikuu kiwe Alt au kile chenye nembo ya Windows? Mgeni akichagua Alt, kwa kuwa kipo karibu na kidole gumba, papo hapo riziki hufunguka. Alt na F, ambavyo kwenye terminali humrukisha neno moja mbele, sasa hutanua dirisha likajaza skrini nzima. Alt na D, alivyozoea kufutia neno, humletea orodha ya programu za kufungua. Akihamia kitufe cha Windows, anakutana na jambo la pili: madirisha huendeshwa kwa J, K, L na nukta mkato, ilhali aliyelelewa na kihariri cha vi amezoea H, J, K na L, desturi iliyotokana na terminali ya ADM-3A ya miaka ya 1970, ambayo mishale ilichapwa juu ya herufi hizo hizo. Kwa hiyo J, ambayo vidole vyake vinaijua kuwa chini, hapa ni kushoto. Anasogeza zote nafasi moja, kumbe H ina mwenyewe: ndiyo ya kugawa dirisha. Kila kitufe ni chumba chenye mpangaji. Ukileta mgeni, aliyemo lazima atafutiwe pengine, na huko nako kuna mtu. Na bado hatujagusa zile nafasi kumi za kazi, zenye mikato 20 kabla hujaongeza wako hata mmoja.

Watu wa hesabu watasema hasara iko wazi. Tuwape hesabu yao: mkato unaookoa sekunde moja, ukitumika mara 20 kwa siku, na uliogharimu saa tatu kuupanga, utalipa deni lake baada ya siku 540, ilimradi mwenyewe asiubadilishe kabla ya hapo. Ataubadilisha Ijumaa. Deni halilipwi, nakubali, lakini pia halidaiwi, na ni madeni mangapi duniani yana adabu hiyo? Pingamizi zito zaidi ni la Bruce Tognazzini, mtaalamu wa Apple aliyeandika mwaka 1989 kwamba watumiaji waliopimwa walishikilia kuwa kibodi ni ya haraka, huku saa ya kupimia ikisema kipanya ndicho cha haraka. Alieleza kuwa kukumbuka mkato huishughulisha akili kiasi kwamba mtu haoni muda ukipita, wakati kusukuma kipanya humchosha na kila sekunde huihisi. Wengi humtaja wakidhani wamemaliza ubishi. Mimi namsoma kama shahidi wa upande wangu. Kipanya hukupa kasi usiyoihisi; mikato hukupa raha ya kasi bila usumbufu wa kuwa na kasi yenyewe, na anayeishi na muda huo ni mtumiaji, si saa ya kupimia.

Lipo lalamiko la nyumbani, kwamba kompyuta iliyopangwa hivi haitumiki na mtu mwingine. Shemeji akiiazima ili atume barua pepe moja, hatapata pa kubofya, na akibahatisha vitufe, madirisha yatapangana upya mbele yake hadi airudishe mwenyewe kwa heshima. Hicho ni kilema au ni ulinzi? Watengenezaji wa dwm, programu ya jamii hiyo ya mwaka 2006, hawakuona haya: kubadilisha mkato humlazimu mtu ahariri msimbo na kuijenga upya programu nzima, na tovuti yao ilijisifu kwamba utaratibu huo huwafanya watumiaji wabaki wachache. Ukweli huo ni nadra katika biashara ya kompyuta. i3 ni laini zaidi. Ukikosea mstari, hukuonyesha ukanda mwekundu juu ya skrini. Ukisahihisha, mabadiliko husomwa upya bila kufunga dirisha hata moja, kwa hiyo kisingizio cha kwenda kulala hakipo. Mkato wa kuondoka upo pia, ila ukiubonyeza huulizwa kwanza kama kweli umekusudia. Na huo nao, kwa anayetaka, unahamishika.