Sifa za Printa Isiyo na Haraka

Waache wenye kalamu tamu wausifu mchanga mweupe wa Diani. Sifa zangu mimi nazipeleka Ukunda, kwenye saiba za kando ya barabara ya Lunga Lunga, ambako printa kuukuu hunguruma, hukohoa, kisha hunyamaza kama iliyokumbuka msiba. Foleni ni ya wazazi wenye fomu za basari na vijana wanaosaka kazi hotelini. "Subiri kidogo mama, inapata moto," kijana wa saiba asema, wala hadanganyi: printa ya leza haichapishi mpaka rola inayoyeyusha wino wa unga ifike karibu nyuzi 200 za Selsiasi.

Wanaoisonya hawajui fadhila zake. Prosesa ya kompyuta yenye gigahezi 3 hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Printa ikijipasha moto kwa sekunde 10, mapigo bilioni 30 yamepita na herufi hata moja haijatoka. Hapo ndipo draiva, ile programu inayosema na kifaa kwa niaba ya mfumo endeshi, huonyesha malezi yake. Yenye kiherehere huuliza, "Uko tayari? Uko tayari?" maelfu kwa maelfu ya mara, ikitafuna umeme na kuwanyima wengine prosesa. Yenye ustaarabu hukabidhi kazi ikalala; printa ikiwa tayari, chipu inayoiunganisha na kompyuta hutuma ishara ya kukatiza, nayo draiva ikaamka. Abiria wa kivuko cha Likoni ni vivyo hivyo: mmoja anang'ang'ania geti akichungulia feri ya MV Kwale imefika wapi, mwingine ameketi na dafu lake mpaka asikie umati unainuka. Wote huvuka kwa feri ileile.

Na adabu hii ililetwa na nani kama si vifaa vya polepole? Atlas, kompyuta iliyozinduliwa Manchester, Uingereza, Desemba 1962 na kundi la Tom Kilburn, iliziacha mbali mno mashine zake za kusomea na kuchapishia. Ikabidi iwe na programu msimamizi: kazi moja ikingoja kifaa, nyingine inashika prosesa. Printa zingekuwa na mbio, nani angejisumbua? Taarabu inayokutumbuiza kwenye kompyuta hiyohiyo inayochapisha fomu yako, ishukuru ajizi ya printa.

Haki ya kiherehere nayo isipotee. Kwa ngoja ya mikrosekunde chache, kulala na kuamshwa kunagharimu kuliko kusimama wima, na waandishi wa draiva za mfumo endeshi wa Linux hushauriwa hivyo: chini ya mikrosekunde kama 10, zunguka papo hapo, zaidi ya hapo, lala. Printa yetu haijawahi kujidhalilisha kwa kasi ya namna hiyo.

Tena imefundisha kikomo. Stima ikipotea Msambweni, laptopu ikabaki na betri, printa imezimika na ishara haiji kamwe. Draiva isiyowekewa muda italala usingizi wa pono. Kwa hiyo huwekewa saa; ikipita, inaamka na kuripoti kosa. Linux ina hata ujumbe wa kutangaza kwamba printa inawaka moto, kwa hitilafu ambayo si ya karatasi kuisha wala ya printa kuzimwa. Ujumbe huo ukitokea Ukunda, mteja atauliza tu kama ukurasa wa pili ulikuwa umeshatoka.