Mwalimu ni Pasipoti

Maandalizi ya kwenda Korea Kusini kufundisha Kiingereza huanza kwa kuchagua vizuri mahali pa kuzaliwa. Viza ya kazi hiyo, E-2, kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mkenya aliyesomesha sarufi Nairobi mpaka vidole vikageuka chaki, na ambaye Katiba yake ya 2010 inakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, anatakiwa heri huko huko aliko.

Hatua ya pili ni shahada, ya fani yoyote; aliyesomea ufugaji wa samaki anafaa kabisa. Kwa wengi hufuata cheti cha kufundisha Kiingereza cha saa 120, kinachosomwa mtandaoni hata na aliyejilaza kitandani. Kisha hutafutwa hati ya polisi ya kutokuwa na rekodi ya jinai, iliyothibitishwa kwa apostili, muhuri wa kimataifa wa nyaraka. Mwisho ni picha: tai imenyooka, tabasamu la kiasi.

Akishafika, mwalimu hupimwa afya, pamoja na matumizi ya dawa za kulevya. Vitenzi havipimwi, pasipoti ilishavijibia.