Panya wa Kujitolea

Kijana wetu amerudi Kasanga na kichupa kisichozidi kidole. Ndani, anasema, mna akili. Inaitwa Semax: peptidi ya kutengenezwa maabara, asidi amino saba zilizoshikana mikono, iliyobuniwa Moscow miaka ya 1980. Hainywewi, maana tumbo lingeimeng'enya kama mchuzi wa migebuka, hudondoshwa puani. Madaktari wa Urusi huwapa waliopata kiharusi. Kwenye maabara, panya waliopewa walionekana kuongezewa protini inayolisha seli za ubongo.

Tunawapongeza panya hao. Wa kwetu pale gatini hawajaonja hata tone, lakini gunia la dagaa lilipofichwa wanapajua kuliko mwenye gunia.

Tukamwomba atusomee lebo. Akasoma bila aibu: kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Kisha akainua uso, akajidondoshea matone mawili. Hapo tukaelewa: utafiti umefika kwetu, na panya amejitolea mwenyewe, tena kwa nauli yake.

Matokeo ya awali tunayo. Anakumbuka mpangilio wa asidi amino zote saba. Anakumbuka kwamba Wajerumani walipaita hapa Bismarckburg. Deni la dagaa la mwezi uliopita, ambalo mama muuzaji amemkumbusha mara tatu, bado halijamrudia kichwani.

Dawa ya kulinda ubongo, basi, inafanya kazi. Ila kwanza imeanza kulinda mfuko.