Imondo Ina Mwenyewe

Kuna watu huanza mwaka kwa maji ya ndimu na vipande vya tango. Nawajua vizuri, maana kila Januari naandika habari zao. Mhariri wangu kule Nairobi anaamini kwamba msomaji wa Januari ni mtu mwenye majuto ya Krismasi na mfuko mtupu, kwa hiyo dawa yake ni saladi. Mwaka huu aliongeza sharti: nile kidogo mimi mwenyewe, kisha niandike nilivyojisikia. Agizo hilo lilinikuta Kakamega, karibu na Khayega, nyumbani kwa senge yangu, dadake baba. Halikumaliza hata asubuhi.

Senge hamjui mtu anayekula kidogo. Anamjua mgonjwa, na anamjua mwenye maringo. Ukipunguza ugali mara ya kwanza, anakugusa shingo aone kama una homa. Ukipunguza mara ya pili, anataka kujua nani kakuudhi hapa nyumbani. Siku ya mwaka mpya nilisema kwa adabu zote kwamba chai ya rangi itanitosha. Ikaja chai ya maziwa, ikafuatwa na viazi vitamu, nduma, na njugu za kukaanga za kusogezea muda mpaka kuku aive. Kuku mwenyewe alikuwa bado anazunguka uani akila mchwa, hana habari na mambo ya mhariri.

Huku kwetu kuku hapikwi kwa haraka. Akishanyonyolewa, anababuliwa motoni mpaka ngozi ipate rangi na harufu ya moshi, ndipo aingie sufuriani, na hapo kazi yako ni kukaa na kungoja. Watu wa mapishi ya dakika kumi na tano, ambao mimi huwaandikia kila mwezi, wangezimia. Pembeni huwa pana mboga za munyu, ule wa musherekha: maganda makavu ya maharagwe yanachomwa, majivu yanatiliwa maji, maji yanachujwa tone kwa tone. Hulainisha mboga sugu kuliko mboga zote. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka juhudi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili kwenye rejista yake ya mifano bora, na Waisukha wa hapa Kakamega ni miongoni mwa jamii ambazo vyakula vyao viliandikwa. Senge hana shaka kwamba hao wa UNESCO walionja mboga zake. Nimeacha kubishana naye.

Taabu halisi ilianza habari ziliposambaa kwamba mgeni wa Senge huandika mambo ya chakula. Mahali pengine kazi hiyo hukupa heshima kidogo na sahani moja ya bure. Hapa ilinigeuza mkaguzi wa serikali. Kila boma lilitaka nipite, na kupita maana yake ni kuketi, na kuketi maana yake ni mtoto kutumwa akamkamate jogoo. Nilijaribu kuwatetea majogoo. Sote tunajua Njaanuari ilivyo: shule zinafunguliwa, karo inadaiwa, sare zimebana. Katika nyumba moja nilimkuta baba akipiga hesabu ya karo nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Nikasema jamani, msichinje, nimeshiba. Alinitazama kwa huruma, akaigeuza kalenda, akauliza kama napenda mchuzi mzito au mwepesi.

Katika nyumba nyingine mama mwenye nyumba alikuwa amesikia kwamba watu wa Nairobi hawali bila viungo. Akavitia vyote alivyovipata dukani, pamoja na vile vya pilau, juu ya kuku aliyekuwa amebabuliwa vizuri kabisa. Familia nzima ikanyamaza kunitazama uso nikitafuna. Nikasema sijawahi kuonja kuku kama huyo. Hakuna aliyeweza kunilaumu kwa uongo, lakini nilizawadiwa paja la pili.

Mrenda ndio ulionimaliza. Nilitaka kuurekodi ukiinuliwa kutoka sahanini, kwa sababu mrenda mzuri huvutika, na msomaji sharti auone ukivutika. Mkono mmoja tonge, mkono mwingine simu. Uzi wa mrenda ukatoka sahanini, ukafuata tonge, ukahamia kwenye daftari, ukamalizikia kwenye simu. Nikaupangusa kwa kidole. Tangu hapo simu ikakataa kukitambua kidole changu, na ujumbe wa mhariri, uliouliza saladi zinaendeleaje, ukabaki umefungiwa ndani. Sikusikitika sana.

Kitu ambacho sikukipata, pamoja na ukaguzi wangu wote, ni imondo, yaani firigisi ya kuku. Zamani wanawake wa Kiluhya hawakuruhusiwa kula kuku kabisa. Siku hizi tunamla mpaka mifupa, ila firigisi bado ni ya mwanamume. Kwa Senge, mwanamume pekee aliyekuwapo ni mjukuu wake wa darasa la tatu. Aliwekewa imondo katika kisahani cha peke yake, akaitafuna polepole kama mzee wa baraza, sisi wanawake watu wazima tukimngoja. Kwa kuwa kazi ni kazi, nilimhoji.

"Ina ladha gani?"

"Ya imondo."

Nimeshawahoji wapishi wa mahoteli makubwa wakanijibu vibaya zaidi.

Nikiwa huko niligundua kwamba yupo mmoja tu Kakamega anayepangiwa lishe, naye ni fahali wa kupigana, yule anayepelekwa uwanjani Shinyalu na Ikolomani kwa ngoma za isikuti. Huyo anatengwa, anachaguliwa majani, hasumbuliwi na wageni. Nilimwonea wivu.

Siku ya kuondoka Senge alinikabidhi jogoo mzima, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, kwa sababu mgeni harudi mikono mitupu. Kwenye matatu makanga alitaka jogoo alipiwe nauli. Abiria wakamtetea, wakisema amepakatwa, naye mtoto wa kupakatwa halipi. Tulipokaribia Chavakali kamba ikalegea, jogoo akapanda bega la dereva, gari likaegeshwa, na kesi ya nauli ikaanza upya, maana sasa, alisema makanga, ana kiti.

Mzee aliyeketi kando yangu alimkamata, akamfunga upya kwa mikono ya mtu mzoefu, akampapasa kifua.

"Huyu ni mzito. Imondo yake utampa nani?"

Nikamwambia naishi peke yangu.

"Hamna hata kijana wa jirani?"

Nikamwambia jirani yangu hali nyama. Mzee akawaza mpaka tukafika Mbale, akashuka, kisha akarudi dirishani na kuniomba namba ya nyumba.