Plasta Kwenye Kamera, Uani Wazi

Ma wa Kamachumu, Muleba, anauliza: "Tangu nipakue programu ya mkopo, nahisi kamera ya simu inanitazama. Nimeibandika plasta. Mume wangu anasema ni majini. Nani mwenye akili?"

Ma, mwambie Ta awaache majini wapumzike. Shaka yako ina msingi, ila unalinda dirisha huku mwizi akipita uani. Kamera haifichiki kirahisi. Tangu Android 12 ya mwaka 2021, programu ikiifungua, kitone cha kijani huwaka juu ya kioo, na Dashibodi ya faragha huonyesha nani kaitumia ndani ya saa 24. Simu yako ni mtumba wa Bukoba mjini? Hata Android 9 ya 2018 huizuia programu iliyojificha nyuma isiiguse kamera. Facebook yenyewe, mwaka 2019, ilipofungua kamera za iPhone kwa kile ilichokiita hitilafu, watumiaji ndio walioibaini. Tena video hula bando: kukurekodi ukichambua senene jioni nzima kungemaliza kifurushi kabla hujazikaanga. (Picha moja ni nyepesi, nakubali, kitone kiangalie.) Utasema programu ya kijasusi ya Pegasus haijali vitone. Kweli, lakini hiyo huuzwa kwa serikali, na waliokutwa nayo ni waandishi, wanasiasa na wanaharakati, si mkopaji wa mtaji wa ndizi.

Sasa kumbuka ulivyobonyeza "Ruhusu" siku ile. Kamera ilikuwa na sababu: picha ya uso na kitambulisho cha NIDA. Namba za ndugu zilitakiwa za nini? Hizo ndizo fimbo ya mikopo kausha damu: ukichelewa kulipa, mkweo anapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Google nayo, tangu Mei 2023, imezikataza programu za mikopo zilizo dukani kwake kusoma namba na picha za mteja, ila aliyekutumia faili la programu kwa WhatsApp hafungwi na katazo hilo. Kuondoa ruhusa kwenye Mipangilio kutaziba ya kesho. Namba zilizochukuliwa hazirudi. Basi mweleze mkweo kabla mkopeshaji hajamweleza, na wakikusumbua, peleka lalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria yake ilitungwa 2022. Plasta ibaki kama inakupa usingizi, ila gundi yake ikitia ukungu kwenye picha za harusi, usiniandikie tena.