Ndugu yake Maigoya: Namna ya Kumlea Koleusi Mukurweini, Nyeri

Kabla hujamleta koleusi nyumbani, jua ukoo wake. Yale maigoya ya kwenye ua wa boma, yenye majani laini ambayo wazee wetu walifunikia ndizi ziive na kuyabeba chooni bila haya, ni Coleus barbatus. Huyu wa zambarau, waridi na kijani cha ndimu anayejishaua kitaluni kando ya barabara ni Coleus scutellarioides, ndugu yake kutoka Kusini-Mashariki mwa Asia. Shika bua lake: lina pembe nne, alama iliyozoeleka ya jamii ya mnanaa.

Usimnunue. Nenda kwa cucu, yaani bibi, wa jirani, sifia maua yake kwa moyo wote, kunywa chai yake, kisha omba tawi. Hakuna cucu wa Mukurweini anayemnyima tawi mtu aliyemsifia maua. Kata ncha yenye urefu wa kidole, chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini na uitie kwenye gilasi ya maji. Badilisha maji kila baada ya siku chache. Baada ya wiki mbili hivi utaona mizizi, na una ruhusa kamili ya kuwaita watu waje waitazame.

Mizizi ikishatoka, mhamishie kwenye debe. Udongo wetu mwekundu unaipenda kahawa, lakini ndani ya debe hushikana na kuzuia maji. Uchanganye na mchanga na samadi, na hapa kwenye ng'ombe wa maziwa kila kona samadi si shida. Iwe imeoza hadi isitoe harufu. Ile mbichi huunguza mizizi. Toboa debe chini. Litundike pia, kwa sababu kuku akiona udongo mpya hukumbuka kazi yake.

Sasa mwanga, na hapa ndipo wengi humtesa. Wanamweka juu ya kabati la televisheni, nyuma ya pazia zito, kati ya vitambaa vya kufuma, halafu wanashangaa rangi imekwenda wapi. Wekundu na zambarau vya koleusi hutokana na anthosianini, na jani huitengeneza kwa wingi likipata mwanga. Gizani huwa kijani, na bua hurefuka likitafuta dirisha. Mpe jua la asubuhi barazani. Jua kali la mchana wa Februari mkinge nalo, hasa mwenye madoa meupe.

Akianza kutoa maua, yakate. Wageni watalalamika, waache walalamike. Nguvu inayokwenda kwenye mbegu ndiyo tunayoitaka majanini. Kata na ncha pia, ajae badala ya kurefuka.

Wadudu weupe kama pamba wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Na ukitamani pia mimea mingine ya majani, kama kaladiamu au difenbakia, waweke mbali na mtoto anayetambaa na mbuzi: majani yao yana fuwele za oksaleti zinazochoma mdomo.

Julai ndiyo mtihani. Ukungu ukishuka kwenye migongo ya Nyeri, koleusi hudhoofika, na joto likishuka chini ya nyuzi 10 anaweza kufa. Mwingize ndani jioni, mwagilia tu udongo ukikauka hadi kina cha pingili ya kidole, na weka tawi moja la akiba ndani ya gilasi, kwenye dirisha la jikoni, karibu na jiko.